Fulusi za Kilwa katika Mchanga wa Mafia

Msafiri atokaye Shungimbili, kile kisiwa kidogo kilicho kaskazini-magharibi ya Mafia, akaambaa pwani kwa jahazi mpaka Ras Kisimani, mkabala wa maingilio ya mto Rufiji, hufika mahali ambapo bahari imeula mji wa kale, na ambapo maji yakipwa watu wameokota mchangani vipande vidogo vya shaba, vyembamba, vyenye kutu ya kijani, navyo ni fulusi za masultani wa Kilwa.

Mashuhuri kupita zote ni zile za Sultani Ali bin al-Hasan. Upande mmoja pana jina lake. Upande wa pili pana maneno ya Kiarabu yenye maana ya kwamba yeye amtumaini Mola mwenye neema, na maneno hayo yamefungwa kwa kina kimoja na jina lile, hata muuza samaki aliyeigeuza fulusi kiganjani alikuwa ameshika beti kamili. Sijui dola nyingine nyingi zilizoutia ushairi katika chenji ya sokoni!

Wapigaji wa fulusi hizo, hata hivyo, hawakuandika mwaka wala mji, na wataalamu wakahitilafiana sana juu ya zama za Sultani huyo, mpaka mwaka 1984 ilipofukuliwa akiba ya Mtambwe Mkuu, Pemba, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za makhalifa wa Kifatimi, ambazo tarehe zake zilimrudisha nyuma hadi karne ya 11.

Fulusi hazikuwa za biashara ya mbali, kwani huko dhahabu iliyotoka Sofala ilikwenda kwa mizani. Zenyewe zilikuwa za matumizi ya nyumbani, Kilwa, Songo Mnara na Mafia, kama miji ya Wayunani wa kale ilivyotumia fedha kwa biashara ya mbali na shaba kwa soko lake. Chache zilipotea njia: moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilionekana Great Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa na askari katika visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944.

Basi ewe uokotaye fulusi Kisimani, usiisugue, maana maandishi yatafutika, wala usimwuzie mgeni. Kumbuka mahali ulipoiona, ukaipeleke kwa wakuu wa serikali, kama itakavyo sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964.