Haloo ya Longonot

Ukionekana stendi ya Nakuru saa nne kamili, na kuku akaibwa Naivasha saa nne na dakika tano, hakuna hakimu atakayekufunga. Ni kilomita 70 hivi. Hakuna matatu inayokimbia kiasi hicho, hata hizi zetu. Lakini mjanja atauliza: je, kama ulimpigia mwenzako simu? Hapo ana hoja. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna mjumbe anayeipita.

Mwaka 1970, karibu na mlima Longonot, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti, cha kwanza Afrika Mashariki. Dishi lake lilielekea setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Sauti ilipanda kwa sekunde 0.12, ikashuka kwa muda kama huo. Jibu nalo vivyo hivyo. Ndiyo maana waliopiga simu ng'ambo walikutana na kimya cha nusu sekunde, wakadhani hawajasikika, wakarudia "haloo" na kukatizana. Mitambo haikuwa imezubaa.

Sasa tuseme fundi wa Longonot anatamka "haloo", kisha setilaiti inaharibika. Je, alaumiwe? Zidisha muda kwa kasi ya nuru. Kama hitilafu ilitokea sekunde 0.2 baadaye, nuru ingekwisha kwenda kilomita 60,000: fundi anaweza kushukiwa. Huo tuuite mtengano wa kiwakati. Kama ni sekunde 0.1, nuru imefika kilomita 30,000 tu, na fundi aende zake nyumbani. Huo ni mtengano wa kimahali.

Kizunguzungu alikileta Einstein mwaka 1905. Penye mtengano wa kimahali, hata swali la kipi kilitangulia halina jibu moja. Msafiri wa roketi anayeelekea upande wa setilaiti kwa zaidi ya asilimia 84 ya kasi ya nuru atapima, bila kukosea, kwamba setilaiti iliharibika kabla ya haloo. Penye mtengano wa kiwakati, hakuna roketi ya kuupindua mfuatano huo.

Na kile kimya cha simu za ng'ambo? Mwaka 2009 nyaya za faiba ziliwasili Mombasa kupitia baharini. Ndani ya kioo nuru hupunguza mwendo hadi kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, lakini njia ya kufika Ulaya ni fupi mno kuliko ile ya kupanda angani na kushuka, hivyo kimya kikapungua.