Sura ya Saba: Mtunzi Kijana Mbele ya Wapigaji Mahiri

Mtunzi wa muziki, hata akiwa na ilimu pana na kipawa adhimu, akiisha kuandika nota zake hubaki na karatasi iliyo kimya, wala hajui kwa yakini alichokitunga mpaka mikono na pumzi za watu wengine zimpe jawabu. Kijana anayeingia katika fani hii hana haja kubwa kuliko ya kulipata jawabu hilo mapema, na kulipata kwa watu walio mahiri.

Mwaka 1906, Arnold Schoenberg, mtunzi wa Vienna, alitunga simfonia ndogo kwa wapigaji 15 tu, kila mmoja akiwa pekee katika sehemu yake, bila ya mwenzi wa kumsitiri kama ilivyo desturi ya fidla nyingi za okestra kubwa. Umbo hilo, lililo jepesi kukusanya na lenye rangi nyingi za sauti, ndilo lililokuja kufuatwa na makundi ya muziki wa zama hizi. Kundi la London Sinfonietta, katika tamasha lake la kwanza la Januari 1968, lilipiga kazi mpya ya John Tavener, aliyekuwa hajatimiza miaka 24. Huko Montréal, nchini Kanada, Lorraine Vaillancourt aliasisi Nouvel Ensemble Moderne mwaka 1989, kundi la wapigaji 15, ambalo limepata kuwaalika watunzi vijana wa mataifa mbalimbali waje na kazi walizoliandikia, zifanyiwe mazoezi, kisha zipigwe hadharani.

Mafunzo ya mazoezi hayo hayapatikani vitabuni wala katika kompyuta, kwa maana kompyuta huisawazisha filimbi ya sauti ya chini na tarumbeta inayovuma, ilhali katika ukumbi filimbi hiyo humezwa isisikike. Mtunzi huandika kizibo cha kufifisha sauti kitiwe katika mdomo mpana wa tarumbeta, akasahau kwamba mpigaji anahitaji nafasi ya kukichukua na kukitia. Huandika sentensi ndefu ya klarineti, asikumbuke kuwa anayeipuliza ni kiumbe mwenye mapafu. Apendapo klarineti moja itoe sauti mbili au tatu kwa pamoja, mpigaji humwonyesha ni vidole gani vinavyoitoa sauti hiyo kwa amani na vipi vinavyoikataa, na mara nyingine humzawadia sauti iliyo bora kuliko aliyoikusudia. Basi kijana hurudi kwenye meza yake, akafuta hapa na kuongeza pale, na kesho yake husikia kama amesahihisha au ameharibu.

Wala faida si ya mtunzi peke yake, kwani mpigaji aliyemwuliza mwandishi sababu ya kila alama huipiga kazi hiyo kwa fahamu, na wasikilizaji hupokea muziki uliokwisha pimwa badala ya rasimu. Ndiyo maana siku za mazoezi, ambazo gharama yake ni nzito na ambazo aghalabu hupunguzwa kwanza fedha zinapopungua, zina thamani kupita nishani na tuzo: tuzo humsifu kijana kwa kazi aliyokwisha kuifanya, bali mazoezi humpa uwezo wa kuifanya ijayo. Kila anayetaka muziki mpya udumu, awe serikali, tajiri au chuo, na agharimie mazoezi kwanza.