Fyuzi Yalinda Waya, si Muziki

Vijana wetu wamependa muziki mzito garini, na leo sina ugomvi nao juu ya hilo. Ninalotaka kulizungumza ni ule waya mnene mwekundu utokao kwenye betri, ukapenya bati la ukuta wa injini na kupita chini ya zulia hadi kwenye amplifaya. Watu huketi juu yake kila siku, na katika matatu wale abiria ni amana.

Wengi huidharau betri kwa kuwa ni volti 12, ukiigusa haikurushi. Kweli, lakini kinachochemsha waya ni ampia. Chukua wati 1,000. Nyumbani, kwa volti 240, hizo ni ampia 4 na kidogo. Garini, kwa volti 12, ni ampia 83. Sasa zipitishe kwenye mita 5 za waya wa milimita mraba 6, ule wa jiko la umeme, na takriban wati 100 zitageuka joto humo humo chini ya zulia. Unataka milimita mraba 25, tena shaba tupu. Madukani kuna waya wenye mpira mnono na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwarua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe, rudisha.

Kubwa zaidi ni fyuzi. Muulize mwenye gari, atakwambia ipo. Ipo wapi? Nyuma, kwenye amplifaya. Basi huo waya wote kutoka mbele hauna mlinzi! Gari likitikisika mashimoni, kingo za tundu kwenye bati zinakata mpira kidogo kidogo mpaka shaba iguse bodi. Hapo umeme unarudi betrini kwa njia ya mkato bila kuifikia ile fyuzi ya nyuma, na betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampia kwa mpigo. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi shubiri mbili, kabla waya haujapenya bati. Ukubwa wake usizidi uwezo wa waya, hata amplifaya ikitaka zaidi. Tundu nalo livishwe raba.

Waya wa hasi uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upakwe grisi, maana chumvi ya pwani yetu haina huruma. Na fundi aanze kwa kufungua hasi ya betri, airudishe mwisho. Akianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche.

Kabla hujamlipa, mwambie afungue boneti akuonyeshe fyuzi. Akikupeleka nyuma ya gari, kazi bado haijaisha.