Treni ya Mjini na Msafiri wa Rubafu: Nani Hunufaika, Nani Huachwa Kituoni

Mkoa wa Kagera hauna reli. Kwa mkazi wa Kata ya Rubafu, wilayani Bukoba, reli anayoitumia iko Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ilikofika mwaka 1928. Hata hivyo, uzoefu wa treni za mjini unamhusu, kwa kuwa unaonesha nani hunufaika usafiri wa umma unapoboreshwa.

Treni ya abiria ya Jiji la Dar es Salaam ilianza Oktoba 2012, ikitumia njia za TRL na TAZARA. Walioonja nafuu mapema ni wanafunzi. Katika daladala, mwanafunzi mwenye nauli pungufu huhesabiwa hasara, naye huachwa kituoni hadi wenye nauli kamili wapande. Treni huondoka kwa ratiba, na mhudumu wake hana hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri, hivyo hana sababu ya kumzuia mtoto mlangoni.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu hali ni nyingine. Mabehewa ya zamani hupandwa kwa ngazi nyembamba zilizoinuka. Asiye na wa kumbeba hafaidiki na nauli nafuu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka huduma za umma zifikike, na stesheni za SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, zimewekewa lifti.

Lakini lifti iko stesheni, haiko njiani kuelekea stesheni. Mzee wa Rubafu aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, akichagua njia ya ziwa, hupanda MV Victoria, meli ya abiria 1,200 iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati. Humo aweza kujinyoosha. Kipande kigumu ni cha kwanza, kutoka nyumbani hadi bandarini Bukoba, hasa kwa bodaboda wakati wa mvua. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, itamfupishia safari ya mbele. Kipande hicho kitabaki vilevile.

Mwananchi mwenye hoja kuhusu barabara za wilaya huiwasilisha TARURA, au kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji. Malalamiko ya nauli na huduma za mabasi na treni hupokelewa na LATRA, na ya vyombo vya majini TASAC.