Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Tunduru

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, upande wa mashariki wa ukanda ambao leo ni Mkoa wa Ruvuma. Miaka ya 1950 alifuata njia ya vijana wengi wa Kusini waliotafuta ajira: alikwenda kukata mkonge Tanga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi ya bustani na vibarua vingine.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana madukani kwa bei ndogo: vipande vya mraba vya mbao za dari, na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Rangi hiyo hung'aa na hukauka taratibu. Kwa hiyo mandharinyuma hupakwa kwanza na kuachwa ikauke, kisha mnyama huchorwa juu yake, na mwisho hufuata madoa na mistari. Mtindo wote ulitokana na rangi hiyo, na hapo ndipo akili ya msanii huyu inapoonekana vizuri zaidi: upungufu wa vifaa aliugeuza kuwa kanuni.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wanunuzi wakubwa walikuwa wageni. Soko lilipokua, aliwafundisha vijana, wengi wao jamaa zake: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, na pamoja nao Ajaba Abdallah Mtalia. Kwa kipindi fulani alikuwa pia mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 kikaundwa rasmi chama cha ushirika chenye jina lake. Hata hivyo, picha nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo, zilizojaa twiga, ndege na umati wa watu, ziko mbali na mkono wake. Tingatinga mwenyewe kwa kawaida alichora mnyama mmoja, chui au ndege, akiwa ameijaza picha karibu yote, juu ya mandharinyuma ya rangi moja au mbili.