Tumbo la Kitoto cha Sungura

Jumamosi kitoto cha sungura huletwa nyumbani ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Watoto hukipokea kwa shangwe na kukipa karoti, ganda la ndizi na kipande cha mkate, na mwenye huruma zaidi hukitilia maziwa kwenye kisosi. Jumatatu kinyesi chake kimelegea. Jumatano asubuhi kimelala ubavu, hakipumui tena. Nyumba nzima husikitika na kulaumu baridi ya usiku, kumbe mara nyingi kilichokiua ni vyakula vile vile kilivyopewa kwa upendo.

Anayetaka kufuga sungura kwa mara ya kwanza na aanze kwa kulifahamu tumbo lake. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, ambako mababu zake waliishi kwa majani magumu yenye lishe haba. Hula nyasi kama ng'ombe, lakini hana tumbo lenye vyumba vinne. Kazi ya kuchachusha majani hufanyika mbele zaidi, kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, wenye bakteria wasiohesabika. Huko hutoka kinyesi cha aina ya pili, laini na kilichoshikamana kama kishada cha zabibu, na sungura hukila moja kwa moja kinapotoka, hasa usiku au alfajiri. Mfugaji mgeni akiona hivyo hushtuka. Asimzuie: humo ndimo sungura anamopata protini na vitamini za kundi B ambazo bakteria wamemtengenezea. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba sungura hawezi kutapika. Akishameza kitu kibaya, hakina njia nyingine ila kupita tumboni mwote.

Kwa kitoto, mfumo huo bado unajengwa. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika chache, na maziwa yake mazito hukilinda kitoto dhidi ya vijidudu vya tumboni. Wakati huo asidi ya tumbo lake bado ni dhaifu. Tangu wiki ya tatu, kinapoanza kutafunatafuna majani, hadi karibu wiki ya nane, maziwa hupungua, asidi huongezeka na bakteria wazuri hushika nafasi zao. Kukitenga na mama katikati ya kipindi hicho, kukisafirisha na kukibadilishia chakula siku hiyo hiyo ni kukibebesha mizigo mitatu kwa pamoja.

Hata hivyo, umri huo ndio wauzaji wengi huupenda, kwa kuwa kitoto cha wiki nne kinapendeza na kinaonekana kula vizuri. Mnunuzi asidanganywe na macho yaliyofumbuka, maana hufumbuka kikiwa na siku kama 10 tu. Aombe kumwona mama na ndugu zake, aulize tarehe ya kuzaliwa, na asikubali kilicho chini ya wiki sita. Wiki nane ni bora zaidi. Kama kitoto hakijatimiza umri, alipe arubuni na kukiacha kwa mama yake.

Hapa pana jambo la pembeni lakini muhimu kwa wenye watoto wanaocheza mashambani. Sungura wa porini wa Afrika Mashariki ni mnyama mwingine kabisa, hawezi hata kuzaa na huyu wa kufugwa. Kitoto chake huzaliwa na manyoya na macho wazi, na mama hukiacha peke yake majanini mchana kutwa, kisha hurudi kukinyonyesha giza linapoingia. Anayekiokota akidhani ni yatima amekiiba kwa mama yake. Kirudishwe pale pale.

Siku ya kununua, kitu chenye thamani kuliko tundu zuri ni mfuko wa chakula kile kile kitoto kilichozoea. Kiendelee nacho kwa wiki mbili za kwanza, na kama kuna chakula kipya cha vidonge, kichanganywe kidogo kidogo. Nyasi kavu ziwepo mchana na usiku, bila kipimo. Nchini Kenya, marobota ya nyasi za Boma Rhodes hupatikana kwa urahisi. Kwingine mtu aweza kukata nyasi safi na kuzianika mwenyewe. Nyasi hizo ndizo pia zinazosaga meno, kwa sababu meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yasiposagika hurefuka hadi mdomo ukashindwa kutafuna.

Majani mabichi yaje baadaye, aina moja moja, kiganja kimoja kwanza: matembele, majani ya karoti, dhania, kishona nguo. Wafugaji wengi huyaacha yanyauke kwanza, na ni desturi nzuri, mradi yasirundikwe yakiwa na maji hadi yakachacha. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi yana sumu. Mkate, ugali na biskuti havimfai. Maziwa ya ng'ombe vilevile. Maji safi nayo yasikosekane, kwani ile imani kwamba sungura hutosheka na maji ya majani imeua wengi.

Kitoto kisichokula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, hata kama kinaonekana kimetulia tu. Kuhara nako hakusubiri kesho. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu wa umri wake, adui mkubwa ni koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoenea kwa kinyesi na unyevu: tumbo huvimba, kitoto hukonda, kinyesi hutoka na ute au damu. Kinga yake ni sakafu kavu na chakula kilichoinuliwa kisichanganyike na kinyesi. Tiba ni ya daktari wa mifugo. Dawa ya mtoto iliyobaki kabatini isiguswe. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, sungura akizinywa, huwaua bakteria wake wazuri na kuacha nafasi kwa wale wenye sumu, na kitoto kinaweza kufa kwa dawa iliyomponya binadamu. Dawa ya viroboto yenye fipronil, inayotumika kwa mbwa, nayo ni hatari kwake.

Tundu liinuliwe kutoka chini, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakiingia usiku, sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Waya uwe wenye matundu madogo ya kuzuia panya, na sehemu ya sakafu iwe ya ubao wenye maranda ili nyayo zisichubuke. Baridi ya Limuru au Njombe kitoto kilicholikizwa hukiweza, mradi kiwe pakavu pasipo upepo. Joto la Mombasa au Dar es Salaam ndilo la kuogopwa. Sungura hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 huanza kuelemewa. Chupa ya maji yaliyoganda, iliyozungushiwa kitambaa na kuwekwa tunduni, humpa mahali pa kuegemea.

Asishikwe kwa masikio kamwe. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, maana akining'inia na kurusha teke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Watoto wamshike wakiwa wameketi chini, na siku chache za kwanza wamwangalie tu azoee sauti zao. Hakuna haja ya haraka: sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12.

Wanaonunua wawili ili wasiwe wapweke hufanya vizuri, ila wasimwamini muuzaji asemaye kwamba wote ni majike. Katika umri wa kununuliwa hata mfugaji mzoefu hukosea. Wakifika wiki ya 10 hadi 12 wakaguliwe na daktari, kwa sababu wa aina ndogo wanaweza kuanza kupandana wakiwa na miezi mitatu na nusu, na mimba ni siku 30 hadi 32 tu. Wakiwa dume na jike, na hakuna daktari wa kumhasi dume, watengwe kwenye matundu mawili yanayopakana ili waendelee kuonana.