Katapila Haliwaki: Kwa Nini Tunaomba Waya Kabla ya Betri



Katika toleo hili tunapenda kujibu swali lililoletwa na kamati kadhaa kuhusu katapila la zamani la Dayosisi, linalochimba malambo na kutengeneza barabara za mitaa. Barua nyingi zinaomba betri mpya. Ofisi ya Miradi imeona ni vema kwanza kubadilisha mfumo mzima wa waya wa kuwashia. Uamuzi huu unagusa sadaka za washarika na fedha za wafadhili, hivyo ni haki yenu kuelewa sababu zake.

Katapila halisukumwi

Gari dogo likigoma, vijana hulisukuma. Katapila lenye uzito wa tani kadhaa, likiwa limekaa juu ya minyororo ya chuma, halisukumwi na mtu. Katika miaka ya 1940, wakati mpango wa karanga wa Kongwa ulipoleta makatapila Tanganyika, mashine nyingi za aina hiyo zilikuwa na injini ndogo ya petroli. Hiyo iliwashwa kwanza, kisha ikazungusha injini kubwa ya dizeli. Baadaye watengenezaji waliiondoa injini ndogo na kuweka stata ya umeme. Katapila letu ni la aina hii ya pili. Umeme ukishindwa, hakuna njia nyingine ya kuliwasha.

Matokeo yake mnayafahamu. Dreva akifanikiwa kuliwasha asubuhi, anaogopa kulizima. Injini inanguruma wakati wa chakula na wakati wa kusubiri, ikiunguza dizeli bila kusogeza hata toroli moja la udongo. Na siku lisipowaka kabisa, kiangazi kinapita na lambo halijachimbwa.

Njia mbili za umeme

Mfumo wa kuwashia una njia mbili.

Ya kwanza ni njia nene. Betri mbili za volti 12 huunganishwa mfululizo: chanya ya moja na hasi ya nyingine, ili zitoe volti 24. Kutoka hapo waya mnene hupita kwenye swichi kuu, hufika kwenye solenoidi, kisha kwenye stata. Umeme hurudi kupitia chuma cha injini na waya mnene wa ethi hadi upande hasi wa betri. Wengi husahau safari hii ya kurudi, lakini ni muhimu sawa na ile ya kwenda.

Ya pili ni njia nyembamba. Hii hupita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, ikaipa solenoidi amri ya kufunga njia nene. Ni kama mlinzi wa lango: nguvu anayotumia ni ndogo, lakini bila yeye lango halifunguki.

Hesabu ndogo

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Stata ikizungusha injini polepole, hewa haipati joto la kutosha, na mafuta hayawaki. Ndiyo maana stata huhitaji umeme mwingi kwa muda mfupi.

Tuchukue mfano wa ampea 400. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 70 na urefu wa jumla wa mita 4, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.4. Waya wa milimita za mraba 16 wa urefu huohuo hupoteza karibu volti 1.8 na kupata moto.

Ubaya zaidi uko kwenye maungio. Kutu, rangi iliyobaki chini ya bolti ya ethi, au kichwa cha waya kilicholegea huweza kuleta ukinzani wa omu 0.01 tu. Kwa ampea 400, sehemu hiyo moja hupoteza volti 4, na joto lake hufikia wati 1,600, zaidi ya pasi ya umeme ya wati 1,000.

Sasa angalieni jinsi kosa hili linavyojificha. Taa ndogo ya wati 5 huhitaji ampea 0.2 tu. Kupitia ungio lilelile bovu, taa hiyo itawaka vizuri kabisa. Mtu akiona taa inawaka lakini stata haizunguki, husema, "Waya ni mzima, betri imekufa." Betri inanunuliwa. Kwa kuwa ni mpya ina nguvu zaidi, inasukuma injini kwa miezi michache, kisha nayo inachoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinachoua betri mapema

Pamoja na waya mbovu, ipo desturi ya kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja ili kuwasha redio au kuchaji simu. Betri hiyo huishiwa nguvu wakati mwenzake amejaa. Chaji inapokuja hupita kwenye zote mbili kwa kiasi kilekile: iliyojaa huchemka na kukauka maji, na iliyopungua haijai. Mwisho zote mbili huharibika. Kwa sababu hiyohiyo betri mbili hufungwa zikiwa za ukubwa mmoja na umri mmoja.

Hatari ya bisibisi

Hapa tunaomba msome kwa makini, kwa maana ni suala la uhai. Swichi ya ufunguo ikishindwa, wapo wanaosimama pembeni ya katapila na kugusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya stata ili izunguke. Kufanya hivyo ni kuiruka njia nyembamba pamoja na ulinzi wake wote. Gia ikiwa imeingia, katapila huondoka mara injini inapowaka, na aliyeshika bisibisi amesimama karibu na minyororo. Matrekta yameua watu kwa namna hii katika nchi nyingi.

Mfumo mpya utakuwa na swichi ya gia, ambayo hairuhusu stata kuzunguka mpaka gia iwe huru. Swichi hii ni kifaa kidogo, lakini kwetu ndiyo sababu ya kwanza ya kufanya kazi hii.

Kazi itakayofanyika

Fundi ataanza kwa kuangalia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chuma, kwani baadhi ya mashine za zamani zilifungwa upande chanya, na kukosea huunguza alteneta. Waya wa ethi utafungwa moja kwa moja kwenye injini, juu ya chuma kilichosafishwa kwa brashi. Waya mnene hauna fyuzi, kwa hiyo utapitishwa mbali na bomba la moshi, utabanwa usicheze, na kuvikwa mpira mahali unapopita kwenye tundu la bati. Swichi kuu itawekwa mahali ambapo dreva anaifikia haraka ukitokea moto. Baada ya hapo betri zitapimwa, na zikionekana zimechoka ndipo tutanunua mpya.

Tunachoomba kwenu

Kwa kamati za sharika zinazopokea katapila:

1. Dreva apime betri kila asubuhi kabla ya kuwasha na kuandika kwenye daftari. Betri mbili zilizojaa husoma karibu volti 25.2. Zikisoma karibu 24.4, zimebaki na nusu ya chaji.
2. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja, kisha ipumzishwe dakika 2.
3. Pasiwe na redio wala simu kwenye betri moja.
4. Anayefungua betri aanze na upande wa ethi, na wakati wa kufunga aumalizie huo.
5. Bisibisi isitumike kuwashia, hata kama kazi ni ya haraka.

Kwa marafiki wafadhili: tunajua betri mpya hupendeza kwenye picha ya taarifa, na waya uliofichwa chini ya bati haupendezi. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Tunaomba mchango wenu wa mwaka huu uelekezwe kwenye waya, swichi kuu, swichi ya gia na malipo ya fundi. Orodha ya vifaa ipo Ofisi ya Miradi, na stakabadhi zitaambatanishwa kwenye taarifa ya robo ijayo, pamoja na vipimo vya volti kabla na baada ya kazi.

Mungu awabariki.